Doa la Mawese kwenye Sanda ya Mama

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, simu wekeni chini kwanza. Mimi sikusoma sana. Nilifika darasa la tatu nikatolewa, na kuandika nilikuja kukumalizia ukubwani, kwenye masomo ya kina mama ya alasiri, kwa hiyo humu msitafute maneno ya kupambapamba. Naandika kwa mkono wangu, herufi kubwa, kwenye kaye, yaani daftari, ya mjukuu wangu Nuru. Kaye hiyohiyo ndiyo iliyoleta maneno yote haya.

Nuru ana miaka kumi na tano. Juzi mwalimu wake aliwapa kazi: kila mwanafunzi akae na mzee wa kwao, amuulize maisha yake na kazi aliyofanya, aandike majibu. Maswali kumi na mawili. Mimi nilikuwepo nyumbani. Nilikuwa nimekaa mlangoni nachambua ndagala, dagaa wetu wa ziwani, hatua nne tu kutoka pale alipokaa yeye, na hakuniuliza hata moja. Alijaza peke yake, akiandika mstari mmoja na kuangalia simu, mstari mwingine na kuangalia simu. Alikwama penye mwaka wa kuzaliwa. Akaenda kufungua sanduku langu la bati atafute kitambulisho, na harufu ikatoka. Kafuri. Akaziba pua kwa mtandio na kulifunga sanduku upesi, utafikiri ameona nyoka.

Nikamwambia alete kaye anisomee. Akasoma. Alipofika penye kazi akapunguza sauti: "Hana kazi. Mama wa nyumbani."

Nimeosha maiti za wanawake wa mtaa wetu wa Buyenzi kwa zaidi ya miaka thelathini. Nikamuuliza hiyo imepotelea wapi.

"Bibi, nitaandikaje hiyo?" akasema, macho chini. "Tunasoma mbele ya darasa. Watanicheka."

Sikumgombeza. Mtu akikuambia ukweli wake humgombezi. Nilirudi kwenye ndagala zangu, lakini mikono ilikuwa inafanya kazi peke yake. Ile harufu ilikuwa imeshanichukua na kunipeleka mbali, kwenye chumba kimoja chenye dirisha moja, nikiwa na miaka kama saba au minane.

Kafuri ndiyo ilikuwa harufu ya mama yangu. Watoto wengine mama zao walinuka moshi, vitunguu na maziwa. Wangu alinuka kafuri na udi. Tulitoka Rumonge baada ya baba kufa, tukaingia Buyenzi, kwenye parsele, kiwanja kimoja cha vyumba sita chenye bomba moja katikati. Wenzangu wa umri wangu mnaikumbuka Buyenzi ile: matofali ya udongo, mafundi wakigonga vyuma tangu asubuhi, na adhana ikipita juu ya nyundo. Mama alikuwa mwosha maiti, kazi aliyoachiwa na mama yake. Nawaambia mapema ili msihangaike, maana mimi nilihangaika karibu mwaka mzima. Mama hakuniambia. Alidhani ananikinga. Watoto hawakupelekwa msibani siku zile, na mimi kuuliza nilikuwa naogopa.

Mambo yalikwenda hivi. Mwanamke anakuja, haingii ndani, anasimama kizingitini na kumsemesha Mama sikioni. Uso wa Mama haubadiliki. Anachukua kikapu chake, ndani yake kopo la kafuri, chupa ya marashi, na kifurushi cha majani ya mkunazi yaliyokuja na meli kutoka Kigoma. Mimi ananiachia sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine. "Usifunue mpaka njaa ikushike kweli," anasema, na kwenda.

Basi mimi nilibaki na ile sahani. Sijui niwaelezeje masaa yale. Kelele zote za mji zilikuwa nje, na ndani tupo mimi na sahani mbili. Nilizoea kuisemesha. Nilikuwa naiambia leo nani kapigwa na mwalimu wa chuo cha Kurani, nani kapata viatu. Njaa nilikuwa nayo, lakini sikuifunua, kwa sababu nikishakula sitakuwa na kitu kingine cha kungojea isipokuwa Mama.

Na akirudi hanishiki. Anapita moja kwa moja kwenye bafu la mabati uani, anaoga tangu utosini. Mimi nasimama nje ya mabati nikiangalia maji yanavyotoka chini, povu, halafu maji meupe, halafu yanakoma. Ndipo anatoka na kunishika kichwa.

Jambo jingine ni chai. Majirani walimsalimia Mama kwa heshima, walimwita Bi Mwajuma, walimpisha bombani. Lakini chai yake hawakuinywa. Mama alitia tangawizi nyingi, chai nzuri, akamkaribisha huyu na yule. Mmoja amefunga, mwingine tumbo linamuuma, mwingine ametoka kunywa sasa hivi. Niliona vikombe vyetu vimebanduka rangi, nikaamua ndiyo sababu. Nikavisugua kwa mchanga mpaka vikazidi kubanduka. Watoto nao waliniita Mutoto wa Kafuri. Nyinyi mnajua walikuwa wananitupia nini. Mimi nilidhani ni sifa. Wao walinuka mawese, mimi nilinuka manukato, nikawa natembea nimenyanyua shingo, jambo lililowafanya wasinipende zaidi.

Sasa, kwenye parsele ya jirani palifanywa harusi. Nilichungulia kwenye ua wa matete nikaona bibi arusi anavyofanywa: anaogeshwa na wanawake wakubwa, anafukizwa udi, anapakwa marashi, anavishwa nguo nyeupe, na yeye mwenyewe kimya, macho kayafumba. Nikapiga hesabu zangu za kitoto. Maji, udi, marashi, nguo nyeupe, wanawake wanaokuja kuita. Mama yangu anapamba maarusi. Nilifurahi nilivyogundua. Kilichonisumbua ni kwamba hakunichukua hata siku moja, wala hakuniletea pilau.

Ndipo akaja Madamu Esperansiya. Alikuwa msichana wa miwani, wa huko juu mlimani, Mkristo, Kiswahili chake kimejaa Kirundi. Alikuwa anapita parsele kwa parsele akiwauliza wanawake maisha yao na kazi zao, anaandika kwenye kaye yenye kava la bluu. Wengi walimkimbia. Mmoja alisema anaandikisha watu wa kufukuzwa, mwingine akajifanya hajui Kiswahili wala Kirundi, amezaliwa hajui lugha. Mama hakumkimbia. Nakumbuka Madamu alivua viatu mlangoni bila kuambiwa na kukaa mkekani. Mama akamwagia chai. Akainywa. Hakuonja akaweka, aliinywa mpaka majani ya chini, akaomba ya pili.

Mama akaniangalia. "Nenda dukani, sukari imeisha."

Sukari ilikuwepo. Nikaenda. Niliporudi swali la kwanza, lile la kazi yako ni kazi gani, lilikuwa limeshapita. Mama akapokea sukari, akaniambia nikacheze nje. Na nani? Nikazunguka nyuma, nikakaa chini ya dirisha penye pazia.

Sijawahi kumsikia mama yangu akisema maneno mengi namna ile. Nyumbani alikuwa mtu wa maneno matatu: kula, oga, lala. Kumbe maneno anayo. Madamu aliuliza taratibu, na baada ya kuuliza alinyamaza, hakumharakisha, na Mama akaanza kumwagika. Alisema maji yawe ya vuguvugu. Alisema unaanza upande wa kulia. Alisema hawezi kumgeuza mtu bila kumwambia. "Namuambia: dada, sasa nashika mukono wako. Dada, sasa nakugeuza. Kila kitu namuambia mbele ya kufanya." Alisema nywele zinasukwa misuko mitatu, inalazwa nyuma. Halafu kafuri. Halafu kitambaa cheupe.

"Na wao hawasemi kitu?" Madamu akauliza.

"Hawasemi. Hata yule wa maneno mengi, siku ile ametulia."

Mimi chini ya dirisha nikatikisa kichwa. Ndivyo alivyokuwa bibi arusi wa jirani.

Kisha Madamu akauliza lile swali. "Na we mwenyewe, Bi Mwajuma? Siku yako, nani atakufanyia?"

Mama akasema, "Kitambaa changu iko tayari. Nilinunua mi mwenyewe, iko mu sanduku."

"Nimesikia. Lakini mikono ya nani?"

Nilisikia kalamu yake ya biki inagongagonga kaye.

"Hiyo uiache wazi," Mama akasema. "Usiandike kitu."

Watu wazima mnaosoma mmeshaelewa. Mimi nilielewa hivi: Mama anaolewa. Nguo yake ya harusi ameshainunua, iko sandukuni, siku imekaribia, kinachongojewa ni mtu wa kumpamba. Na watoto wa mwanamke anayeolewa upya nilijua wanakokwenda. Msichana mmoja wa parsele ya nyuma mama yake aliolewa, yeye akafungiwa nguo mbili kwenye kanga na kupelekwa kwa shangazi yake huko Makamba. Sikumuona tena. Mimi ningerudishwa Rumonge kwa baba mdogo, mtu aliyekuwa akisahau jina langu.

Wiki ile sikulala vizuri, na mchana nilikuwa mpelelezi. Kila mwanamume aliyemsalimia Mama nilimwangalia tangu viatu. Muuza nyama aliongeza mfupa kwenye nyama yetu, nikamchukia mpaka leo, na mtu mwenyewe hakuwa na kosa. Mwalimu wa chuo alimuulizia hali, nikaacha kumwitikia darasani, akanitandika. Na kila Mama alipotoka nilifungua sanduku, kitambaa kipo, kimekunjwa, kinanuka kafuri. Nilitamani kumuuliza. Nilisimama mbele yake mara nyingi, mdomo wazi, yeye akasema "Kula," nikala.

Katika watoto wote wa parsele alikuwepo mmoja aliyekuwa akinisemesha, Zaituni, mtoto wa fundi wa chumba cha mwisho. Alikuwa na nywele ndefu na njaa ya kudumu. Alinisemesha wengine wakiwa hawapo tu, lakini kwangu hiyo ilitosha. Siku moja Mama ameitwa, mama yake Zaituni ameenda sokoni, akaja mlangoni kwetu.

"Mumekula nini?"

"Sombe. Ya mawese."

Alifikiria kidogo, nikamuona anaangalia nyuma yake. Kisha akaingia. Nikafunua sahani yangu bila kungojea njaa, na tukala majani yale ya muhogo kwa mikono, yeye akala zaidi. Alikuwa mtoto wa kwanza kula nyumbani kwetu. Nilimuangalia anavyolamba vidole nikaona dunia imekaa sawa, na palepale shauri likanijia, shauri la kutengeneza mambo mawili kwa mpigo mmoja. Kitambaa kikishavaliwa na bibi arusi mmoja, nilijiambia, hakiwezi kuvaliwa na mwingine. Mama hataolewa. Na Zaituni atakuwa rafiki yangu wa kweli, maana nimempamba.

"Tucheze maarusi," nikamwambia. "Mi najua vile wanafanya wa kweli."

"We unajua nini, Mutoto wa Kafuri."

"Nimemusikia Mama mwenyewe. Lala."

"Bibi arusi analala?"

"Wa kweli analala. Na hacheki, na hasemi."

Akalala mkekani. Nilimpangusa kwa maji, kulia kwanza. Nilimwambia, dada, sasa nashika mkono wako, dada, sasa nakugeuza, na yeye akawa anabana kicheko. Nywele zake nilizigawa mara tatu, nikasuka misuko mitatu, nikailaza nyuma. Nikaponda kidonge cha kafuri kilichokuwa sandukuni na kumpaka paji la uso, pua, viganja, magoti, yote kama nilivyosikia. Kisha nikatoa kitambaa sandukuni na kumzungushia tangu miguuni mpaka kidevuni. Alipokishika ili kukivuta juu, vidole vyake viliacha alama, mawese, mekundu kama jua la jioni. Sikujali. Niliona afadhali.

Amependeza, nilifikiri. Nami nikakaa pembeni yake na kukunja mikono kama mtu mzima.

Mama Zaituni alikuwa anamtafuta mwanawe. Alitia kichwa mlangoni, kikapu kichwani. Hakupiga kelele. Kikapu kilianguka, viazi vikabiringika mpaka chini ya kitanda chetu, na yeye akashika fremu ya mlango kwa mikono miwili na kusema kwa sauti ambayo haikuwa yake: "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun." Akakaa chini pale kizingitini.

Zaituni akainuka na kitambaa chake. "Mama, nimependeza?"

Sitasimulia yote. Alimchapa kwanza, kisha akamkumbatia, kisha akamchapa tena. Alimburuta mpaka bombani, akafumua ile misuko kwa vidole akivuta nywele, akamsugua kwa sabuni ya kufulia mbele ya parsele nzima, akimwita Mungu. Wanawake walitoka kila chumba. Hakuna aliyenigusa. Afadhali wangenipiga. Walisimama mbali, wakaniangalia kama watu wanaoangalia moto, na mmoja akawavuta watoto wake nyuma ya kanga yake. Kesho yake baba yake Zaituni alisimamisha ua wa matete kati ya mlango wao na wetu. Zaituni sikucheza naye tena. Nilikuja kumuona ukubwani, sokoni, akanisalimia kama mtu anavyomsalimia karani wa ofisi ya komini, na kila mtu akaenda na njia yake.

Mama alirudi. Alihadithiwa uani hata kabla hajafika bafuni, na wanawake watano kwa pamoja. Alisikiliza. Akaenda kuoga kama kawaida, na mimi nilikaa ndani nikisikia maji. Nilikuwa nimeshafunga nguo zangu mbili kwenye kanga. Nilijua Rumonge imefika.

Akaingia. Akaangalia kile kifurushi changu. Akaokota kitambaa, akakinyoosha mbele ya dirisha, akaliona lile doa, vidole vinne na gumba. Akakikunja. Kisha akaketi mkekani, akapiga mkeka kwa kiganja.

"Kaa. Yule Madamu alikuwa na maswali mingi. We una ngapi?"

"Moja."

"Uliza."

"Unaolewa siku gani?"

Mama alinikodolea macho. Halafu alicheka. Sikuwahi kumuona, na baada ya siku ile sikumuona tena mara nyingi, akicheka hivyo, mabega yote, machozi yakimtoka, na kicheko kiligeuka katikati kikawa kitu kingine, akafuta uso kwa upindo wa kanga. Akaniambia. "Mi naosha wanamuke wenye wamekufa. Ile ndiyo kazi yangu. Ile kitambaa ni ya siku mi nitakufa, si ya bwana." Hakuzunguka.

Mtu angedhani nitaogopa. Nilichosikia mimi ni kwamba haolewi. Nilijisikia mwepesi, Mungu anisamehe, nikafurahi kuwa ni maiti.

"Na maji, kwa nini ya vuguvugu?"

"Kwa sababu hawezi kusema inamuchoma. Kwa hiyo unajaribu na kiwiko chako, kama ya mutoto muchanga."

Nikauliza tena, na tena. Kama wanajua wameoshwa. Kama wapo waliokataa kunyooka. Kwa nini watu hawanywi chai yetu. Alijibu yote, hata la chai. "Wanaona mikono yangu, hawaoni kikombe." Nikamuuliza mbona hakuniambia mapema. Akasema, "Ule mugeni aliuliza, nikajibu. We ulikuwa unaniangalia tu." Maneno hayo yamenikaa. Mtoto wa nyumbani nilikuwa naishi naye chumba kimoja, na mtu wa kupita ndiye aliyeingia ndani kuliko mimi.

Mwisho nikauliza lile lililoachwa wazi. Nani atakuosha wewe. Akanishika kichwa.

"We. Lakini itabidi ukuwe karibu."

Sikuwa karibu. Niliolewa Uvira, ng'ambo ya mpaka. Si mbali, asubuhi unatoka na mchana umefika, unavuka pale Gatumba na kikapu chako kama wanavyovuka wauza nyanya. Lakini siku Mama alipokufa mpaka ulikuwa umefungwa. Nilisimama mbele ya kile chuma cha kuzuia njia tangu asubuhi mpaka alasiri. Nilimwambia askari mama yangu amekufa, akasema kila mtu leo amefiwa. Sisi maiti hatuilazi. Nilivuka siku ya tatu, nikakuta udongo umeshaanza kukauka.

Basi nikafanya kama Madamu Esperansiya. Niliwatafuta wanawake watatu waliomuosha, nikaenda nyumba kwa nyumba, nikavua viatu, nikaketi, nikauliza. Wa kwanza alisema yote yalikuwa sawa, nisijisumbue. Wa pili alisema hakumbuki. Wa tatu alikuwa Bi Sauda, aliyefundishwa kazi na Mama mwenyewe, macho yameanza kuingia ukungu. Nikamuuliza maji yalikuwaje.

"Nilijaribu na kiwiko," akasema.

Nywele je.

"Tatu. Zilikuwa zimebaki kidogo, lakini zilitosha tatu."

Alimwambia kabla ya kumgeuza?

"Nilimuambia. Dada, nakugeuza. Na nilimuambia we uko njiani, askari ndiye amekuzuia." Akanyamaza. Nami nikanyamaza, sikumharakisha. Ndipo akasema: "Kulikuwa na ile kitambaa. Ilikuwa na doa, ya zamani, kama mawese. Wale wengine wakasema tununue ingine. Nikawaambia apana. Aliniachia neno, akasema ile ndiyo, na asiifue mutu. Tuliikunja, doa ikakuwa upande wa ndani."

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Ile kaye ya bluu sijui ilikwenda wapi. Madamu hakurudi tena Buyenzi, na huenda maneno ya mama yangu yameliwa na mchwa kwenye kabati la mtu, na mahali pale pamoja pakiwa wazi. Mume wangu alipofariki nami nilirudi Buyenzi, nikachukua kikapu kama Mama. Miaka yote nimetoka kuosha, nimepita bafuni, nimeoga tangu utosini kabla sijawashika wanangu, na wanangu nao wamesimama nje ya mabati wakiangalia maji. Sikuwaambia kitu. Nilikuwa nawakinga. Halafu leo nashangaa Nuru ameandika hana kazi. Nani angemwambia kuwa hiyo ni kazi?

Ijumaa, wanaume walipotoka msikitini, chakula kilikuwa mkekani: ugali, samaki wa mukeke, mboga ya lengalenga. Mwanangu alikuwepo, mkewe Rehema, na Nuru na simu yake. Nikachukua sahani kubwa nikafunika chakula, nikaweka kiganja changu juu, nikasema nao.

"Siku yangu ikifika hakuna kuita mutu wa nje. Rehema atamwaga maji, Nuru ataniosha, na maji atajaribu na kiwiko. Kitambaa changu ni ile nimeweka mu sanduku, musinunue ingine. Na leo, hii sahani hakuna mwenye ataifunua mbele ya kuniuliza swali moja ya kweli na kusikia jibu yake mpaka mwisho. Nuru, leta kaye. Futa pale uliandika hana kazi. Sasa kaa hapa, uliza."